Glavu ya Sufi na Mlango wa Gari la Baba

Juzi niliingia katika duka la vifaa vya magari hapa Bunia, pale kwenye boulevard, kutafuta glavu ya kuoshea gari. Usinicheke, ndugu yangu. Mtu akifika umri wangu ndipo apate kagari kake, hata kawe ka mtumba, hukapenda kama mtoto wa uzeeni. Muuzaji akanipangia glavu tatu mezani. Ya sifongo niliirudisha hapo hapo, maana sifongo hushika mchanga na kuuficha. Ya pili ilitoa nyuzi kabla hata haijaona maji. Ya tatu ilikuwa ya sufi. Nikaipindua ndani nje, nikapapasa mshono kwa kidole gumba, nikauvuta uzi.

"Maman, weye iko unajua kazi," muuzaji akacheka. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu," nikamjibu.

Na uso ukaniwaka pale pale, mwanamke mzima mimi. Mtu yupo. Muuzaji nilishindwa kumwambia, basi acha nikuambie wewe.

Tulikaa mtaa wa Saio, hapa hapa Bunia. Baba aliuza vitenge, alikuwa amehamia kutoka Butembo na familia nzima, bibi yangu akiwemo. Ilikuwa miaka ile ambayo watu walisema vita vimekwisha, lakini kila nyumba ilikuwa na kifurushi kimefungwa karibu na mlango. Baba akanunua gari jeusi. Niambie, ni nani hununua gari jeusi katika mji wa vumbi jekundu? Lakini Jumapili lilipaswa kusimama mbele ya kanisa liking'aa, na wanaume wenzake waliegemee baada ya misa wakipiga soga. Bibi alikuwa akisema, "Gari nyeusi iko sawa na bibi harusi, kila mutu anakuja kutafuta alama."

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chumba kimoja, na humo baba alimweka mama mmoja aliyekimbia vita kutoka upande wa Djugu na mtoto wake mdogo. Mumewe alikuwa mvuvi wa Tchomia, kule ziwani. Alikokuwa wakati ule, hatukuuliza, naye hakusema. Alitufulia nguo, akaosha na gari.

Siku ya kwanza alipotukuta tunalisugua kwa shati kuukuu lenye vifungo, alishika kichwa. Kesho yake akaja na glavu. Aliikata kutoka kwenye sweta la sufi ambalo halikumwenea tena mwanawe, ndani akatia kipande cha taulo, akaishona kwa uzi wa nyavu, ule ambao hata samaki mkubwa haukati. Mafundo yote yalikuwa ndani, yasiguse rangi. Ukitia mkono ulisikia joto, na sufi ilipita juu ya gari bila sauti. Jumamosi kwetu ilikuwa kinu cha sombe, yale majani ya muhogo, kwa jirani, kwaya ikifanya mazoezi, na yeye na mabeseni yake mawili, moja la sabuni na jingine la kusuuza glavu tu.

"Usikamate kwa nguvu," alinifundisha kwa siri, kwani baba alikuwa amenikataza kuligusa gari lake. "Na ikianguka chini, usirudishe pale. Suuza mara tatu kwanza. Mchanga haina huruma."

Basi Jumamosi moja mtoto wake akashikwa na homa, naye akambeba mgongoni kwenda kwenye kituo cha afya. Gari lilikuwa nusu limepakwa sabuni, na baba hayupo. Nikasema nitamalizia. Nilitaka sifa, nakiri. Nikiwa kwenye mlango wa dereva, wasichana wenzangu wakaniita kutoka barabarani, twende kutazama kwaya. Nikageuka, glavu ikanitoka mkononi ikaangukia udongo. Nikaiokota, nikaifuta kwenye sketi, nikasugua haraka haraka kwa nguvu zangu zote. Kisha nikaianika kwenye kamba kama yeye alivyozoea, nikakimbia.

Gari likiwa na maji halisemi kitu. Jumapili asubuhi jua lilipolipiga ndipo mlango ukaonekana: umejaa viduara vyeupe vya mikwaruzo toka juu hadi chini.

Baba alitoka na shati lake la kanisani, mkanda bado uko mkononi hajauvaa. Akatuita sote uani.

"Nani aliosha gari?"

Nikautazama ule mkanda. "Ni yeye," nikasema. "Na ile gant yake."

Yule mama alienda kwenye kamba, akaichukua glavu, akaipapasa. Chembe za changarawe zikadondoka. Akanitazama mimi, tena si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Halafu akautazama mkanda.

"Ni mie, papa," akasema. "Unisamehe."

Baba hakumpiga. Alisema tu, "Watu ya kule, unawasaidia, wanakuharibia." Mama yangu, ambaye kila siku alikula sahani moja na yule mama, aliinama akafunga viatu vya mdogo wangu.

Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Uongo wangu ulikuwa dhaifu, uongo wa mtoto. Sketi yangu yenye alama nyekundu ilikuwa ndani ya beseni la nguo chafu, mtu yeyote angeiona. Ila hakuna aliyeitafuta, kwa sababu ya alikotoka yule mama, na mimi, kwa miaka yangu kumi na mmoja, nililijua hilo. Ndiyo maana nilimchagua.

Jumanne yeye na mwanawe walihamia kambi ya waliokimbia vita, kwenye mahema, mtoto amebeba sufuria kichwani na homa bado haijaisha. Glavu aliiacha. Tuliitumia miaka sita, na mshono haukuachia hata mahali pamoja.

Nilikuwa karibu kumaliza sekondari nilipomkuta sokoni akiuza samaki wakavu. Nilitaka kupita pembeni, lakini aliniwahi.

"Mutoto wangu! Umekuwa mukubwa hivi? Papa iko?"

"Iko, mama."

"Na gari?"

"Aliuzisha."

"Basi siye wote tunatembea kwa miguu!" Akacheka mpaka akajifuta macho. Akanipimia samaki, kisha akaongeza konzi nzima juu, ya bure. "Hii ni matabisi yako. Tulikaa parcelle moja, kiwanja moja."

Nikafungua mdomo. Nakuapia, ndugu yangu, maneno yalikuwa tayari ulimini. Yaliyotoka ni, "Aksanti, mama."

Baadaye vita vilirudi Djugu, watu wakatawanyika tena. Kona ile ya soko sasa ina wauzaji wengine, na kila ninayemuuliza ananijibu hajui. Baba ametangulia. Chumba cha nyuma kilibomolewa, hapo pamejengwa duka. Hakuna tena wa kumwambia.

Jioni ya siku ile ya sokoni mama yangu alipika wale samaki na sombe. Akashangaa wingi wao, akauliza ni nani aliyeniongezea hivyo. Nikasema ni muuzaji mmoja tu, simjui. Tukala. Walikuwa watamu, nami nikaomba niongezewe.