Mstari wa Nne

Kazi ilikuwa rahisi, au nilijidanganya hivyo: kila mwanafunzi achore nyumba ya kwao kwenye kompyuta, kwa vipimo vya kweli. Wenzangu wa mjini, wa Shangani na Rahaleo, walimaliza mapema. Kwetu ni mdomoni mwa mto Ruvuma, na mama yangu, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ambayo mto unaisogelea.

Likizo moja nilipima kutoka ukuta wa jiko hadi ukingoni: mita ishirini na mbili. Likizo ya mwaka uliofuata, kumi na sita. Nilipima mara tatu, nikiilaumu tepu.

Chuoni tukafundishwa amri ya kurudia mstari kwa umbali uleule. Nikachagua ukingo wa mto, nikaandika sita, mita za mwaka mmoja, nikabonyeza. Mto ukasogea. Nikabonyeza tena. Ilikuwa mchana kweupe, feni zinazunguka, watu wanacheka, na mimi vinyweleo vimenisimama. Mstari wa tatu uliingia jikoni. Wa nne ulipita katikati ya kitanda cha mama. Nilitaka kuacha, lakini kidole kikabonyeza wa tano.

Mwalimu alinipa alama nzuri. Alifurahi kwamba nimeweka hata samani.

Nikachapisha mchoro, nikampelekea mama, maneno yangu nimeyapanga: ahamie mjini, Chuno, kwa kaka yangu, kama tulivyombembeleza siku zote. Kabla sijayasema nikautandaza mchoro mbele yake. Mama hajui kusoma, lakini nyumba yake aliitambua mara moja.

“Jiko hili. Kitanda changu hiki. Baba yako umemweka wapi?”

Nilikuwa nimemsahau, na niliona aibu. Kaburi lake liko nyuma ya jiko, upande wa mto, na mimi nilichora majengo tu. Nikatoa kalamu, nikaliweka mahali pake. Likaangukia kati ya mstari wa kwanza na wa pili.

Nje, udongo ulimeguka ukadondoka majini. Hakuna aliyegeuka.

“Kila siku mnanambia mimi nihame,” mama akasema. “Mimi nina miguu.” Kidole chake kikavuka shamba la mihogo, kikasimama pembeni kabisa ya karatasi, mbali na mto. “Mlete huku. Shehe nimeshamuuliza, karuhusu.”

Nikachora kaburi pale. Nikafunika kalamu.

“Bado moja,” akasema. “La kwangu. Usije ukarudia kazi.”