Nani Anayaharibu Mayai ya Shiori?

Nagumo Shiori alikuwa mtu wa kutoamini. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Utotoni, baba yake muuza tofu alimfukuza dukani kwa sababu alikuwa akiwakodolea macho wateja kana kwamba wote ni wezi, na wateja wenyewe wakaanza kuhamia duka la jirani. Mume alimpata pia, maskini, akadumu naye kidogo, halafu akachoka kuulizwa alikuwa wapi. Lakini tusimcheke sana. Katika kazi aliyokuja kuifanya, kutoamini ndiyo mtaji.

Kazi yenyewe aliifanya kwenye maabara ya pwani, kaskazini mwa Japani, na ilihusu swali ambalo kila mtu anadhani jibu lake analijua: mbegu ya kiume inalishikaje yai? Kuogelea mpaka kulifikia ni jambo moja, kunata ni jambo jingine. Shiori aliwatumia uni, wale wanyama wa baharini walio mviringo, miiba mwili mzima, ambao humwaga mayai na mbegu zao majini bila haya. Mbegu ya uni ina gundi kichwani, na gundi hiyo hubagua: yai la ukoo mwingine hailing'ang'anii. Kwa hiyo, alisema Shiori, ngozi ya yai lazima iwe na kipokezi chake, kimoja tu. Ukikifunika, mbegu inateleza na kwenda zake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameliona hilo kwa macho yake. Sasa ilimbidi alione tena kabla ya Machi, maana Machi uni wa ghuba ile huishiwa mayai, na Machi hiyo hiyo mkataba wake ulikuwa unakwisha.

Januari ikaja, mayai yakagoma. Si yale aliyoyafunika tu, bali hata yale ambayo hakuyafanyia chochote. Chini ya hadubini mbegu zilijizungusha kivivu, zikalegea, zikafa. Na kama yai la kawaida halishikwi, hilo lililofunikwa litathibitisha nini?

"Labda uni wa mwaka huu wanaona baridi," alisema Kawabe Tsuneo, mtafiti mwenzake, huku akimenya chenza.

"Mbona wako hawaoni? Tumewatoa tangi moja."

"Wangu wananipenda, Nagumo-san."

Akacheka. Kawabe alicheka mno, na Shiori hakuwahi kumwamini mtu anayecheka mno. Tena ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema kipokezi kimoja ni ndoto, vipo vingi. Shiori akishindwa, nani atanufaika? Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, akaanza kumchunga.

Kama si wanyama, basi ni vyombo. Maabara ile ilikuwa na vibakuli vya kioo vyenye doa jekundu, vya mayai hai peke yake. Hivyo havioni sabuni maisha yao yote. Husuuzwa kwa maji matupu, kwa kuwa hata masalia kidogo ya sabuni huziua mbegu. Mgeni hufundishwa sheria hiyo kabla hajaonyeshwa choo. Shiori alifundishwa na Profesa Inukai mwenyewe, mkuu wa maabara, ambaye alimpokonya sifongo na kumkaripia mpaka akatokwa machozi. Tangu hapo alimheshimu mzee yule kuliko baba yake.

Akategesha unywele kwenye mlango wa kabati lake. Asubuhi akaukuta umekatika. Siku iliyofuata akaaga kwamba anakwenda kula, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Kawabe alikuwa anavipanga vibakuli vya Shiori ndani ya mfuko.

"Unafanya nini?"

"Aa... vina nyufa hivi. Nilitaka kukuletea vingine."

"Ufa uko wapi? Nionyeshe."

Masikio yakamwiva Kawabe. Shiori akachukua kibakuli kimoja, akakinusa. Kilinukia limau. Sabuni! Damu ikamchemka. Akamkamata mkono, akamkokota hadi chumba cha chai, ambako Profesa Inukai alikuwa anageuza mochi, vile vikate vya mchele, juu ya jiko la mafuta ya taa.

"Sensei, huyu ananioshea vyombo kwa sabuni! Nimemfumania na mfuko!"

Kawabe akainama mpaka kiuno. "Ni kweli, Sensei. Ni mimi. Nisamehe, Nagumo-san."

Alikubali upesi mno. Hata katika hasira zake Shiori alishangaa: mhalifu gani huyu asiyebisha hata kidogo?

"Vyombo gani?" mzee akauliza. Akakipokea kibakuli, akakiinua kwenye mwanga, uso ukamchangamka. "Ah, hivi! Acha kumsingizia mwenzako. Hivi niliviosha mimi, siku ya usafi wa kufunga mwaka. Wewe ulikuwa na mafua. Rafu yako ilikuwa imefanya utando, aibu tupu! Nikavisugua kwa sabuni mpaka vikalia."

Mochi ikaanza kuungua.

Mzee akamtazama Shiori, kisha Kawabe, ambaye bado alikuwa ameinama. Polepole uchangamfu ukamtoka.

"Sabuni," akasema. "Kawabe-kun, umejua tangu lini kwamba nasahau?"

"Tangu kiangazi, Sensei. Na siku ya usafi nilikukuta umeshamaliza rafu yake. Nikafikiri, unastaafu Machi... nikiviondoa kimyakimya, hakuna atakayejua."

Shiori alitamani Kawabe angekuwa mwovu. Ingekuwa rahisi zaidi. Aliona aibu, na chini ya aibu huzuni ambayo hakuitarajia.

Profesa Inukai akazima jiko, akamgeukia.

"Nagumo-san, hawa wote watanificha. Wewe huwezi, sikukulea hivyo. Leo nimekuuliza hali ya mama yako?"

"Ndiyo, Sensei."

"Mara ngapi?"

Alikuwa amemuuliza mara nne tangu asubuhi, na mara zote nne Shiori alimjibu akidhani ni adabu za mzee.

"Mara moja tu, Sensei," akasema.