Mgambo Mwenye Litungu

Mgambo yule hakuwa mtu wa maneno, hata salamu aliijibu kwa kichwa. Siku watu walipohamishiwa kwa nguvu kijiji cha ujamaa alibomoa nyumba ya Wegesa kimya kimya, akaung'oa mlango kwa mikono yake minene yenye kucha zilizopasuka. Mwezi haukuisha, mama mkwe wa Wegesa akafariki. Mgambo akaja msibani na litungu lake, akalipiga polepole, sikio karibu na nyuzi, mpaka wazee wakalia. Wegesa naye alilia, kisha akajikasirikia. Alipompelekea uji alimuuliza, "Baba, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Hata mimi sijui, mama," alijibu, akanywa.

Wegesa akabaki amesimama, hajui amfukuze au amwongezee.