Difu ya Mwani Mkavu

Dukani kwa spea, Mwanakwerekwe, nilimkuta mume na mke wa Matemwe wakichagua difu ya nyuma, ile gia inayozungusha magurudumu. Pikapu yao ya petroli ilikuwa imetiwa injini ya dizeli, na difu ya zamani haikustahimili nguvu zake.

"Unapakia nini?" muuzaji aliuliza.

"Mwani mkavu, mwepesi," mume alijibu.

"Basi hii ndogo yatosha."

Mke alivuta ncha ya mtandio. "Mwani naulima mimi. Twautoa pwani ungali unachuruzika maji. Chukua ile nene."

"Bibi we, wewe na difu wapi na wapi?" mume alisema.

Muuzaji alicheka, akawafungia ile ndogo. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikalipia taa yangu, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda mazikoni Matemwe. Pikapu ilikuwa kando ya njia, nyuma imeinuliwa juu ya mawe, difu imevunjika. Mke alikuwa akishusha magunia mabichi peke yake. Nikampa pole.

"Nshapoa," alisema. "Lakini dada, si ulinisikia siku ile?"

Nilimsikia vizuri. Nilinyamaza nikiogopa kuingilia mambo ya mke na mume, na mambo yenyewe yalikuwa uzito wa mwani tu.