Kikao cha Njia ya Ndege

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kurusha ndege, na waliowahi kuipanda tukiwahesabu kwa vidole, vidole vinabaki. Hilo halikutuzuia kukaa kikao cha kuamua ndege ipite wapi.

Mama alikuwa anaumwa, nyumbani Ngulyati. Daktari wa Bariadi alituambia bila kuzunguka kwamba moyo umechoka, na kwamba kama kuna mtoto aliye mbali, aambiwe. Aliye mbali alikuwa mdogo wetu wa mwisho. Wenzake wakienda mbali huenda Mwanza au Dar es Salaam. Yeye alikwenda mpaka Hawaii, kisiwani katikati ya Pasifiki, akapata kazi hotelini na akaoa hukohuko. Mama hakuomba dawa wala mganga. Alitaka kumwona huyo mtoto kabla hajafumba macho.

Kwetu safari ya kuja kumwona mgonjwa haiamuliwi na msafiri. Mtu akitokea bila wakubwa kumwita, majirani husema amekuja kusubiri kifo. Kwa hiyo wakubwa hukaa, hukubaliana, ndipo humwita. Enzi za bibi zetu kazi hiyo ilikuwa nyepesi, maana aliye mbali kuliko wote alikuwa Mwandoya na njia ilikuwa moja.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mfugaji wa hukohuko Mwandoya, aliyekuja na fimbo yake na msimamo wake. Mtaalamu alikuwa kaka yetu mkubwa wa Dutwa, mwalimu wa jiografia aliyestaafu shule lakini hakustaafu kufundisha. Mimi nilifanywa katibu bila kupigiwa kura, kwa sababu nina duka la steshenari pale mjini, na wao wanaamini kwamba mtu mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi anazijua na ndege.

Kaka alifungua kikao kwa kuomba boga. Jikoni lilikuwepo moja, lililoletwa kwa ajili ya mama, maana ndicho chakula pekee kilichokuwa bado kinapita kooni mwake. Akalichukua hilohilo. Akalipaka alama ya mkaa, akasema hapa ni Bariadi, kisha akachukua spoki kuukuu ya baiskeli akalichoma katikati mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Akatutangazia kwamba pale ncha ilipotokea ni baharini, na kwamba kisiwa cha mdogo wetu ni jirani na pale.

Baada ya hapo akavuta uzi kutoka kwenye mkaa mpaka kwenye ncha. Akaupitisha juu, akaupitisha kushoto, akaupitisha kulia, na kote ukatoka karibu sawa. Alitufafanulia, kwa sauti ya darasani, kwamba vitu viwili vikiwa pande mbili za dunia zinazotazamana, kila njia kati yake ni fupi sawa na nyingine. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, mtoto aje kwa njia yoyote atakayoipata. Kaka alisema hiyo ndiyo sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mama siku ile alikunywa uji mtupu.

Mdogo wetu alitutumia njia mbili kwenye simu yangu. Ya kwanza ilipita Amerika, ikavuka Ulaya, ndipo ikashuka kwetu. Baba mdogo akauliza hiyo inaingia kutoka upande gani. Kaka akajibu kwamba kwa ujumla ni magharibi. Baba mdogo akatikisa kichwa. Wazee wakiomba hugeukia linakochomoza jua, na mtoto anayekuja kwa mama mgonjwa hawezi kuingia nyumbani kutoka linakozama. Hiyo ni kumletea mgonjwa giza.

Njia ya pili ilipita Japani na Uarabuni, ikaingia kutoka mashariki. Baba mdogo alifurahi, akaomba maji ya kunywa. Hapo ndipo kaka, ambaye hajawahi kumwacha mtu afurahi bila kumsahihisha, alipoeleza kwamba ili mtu wa kule atufikie kutoka mashariki, ni lazima aanze kwa kuruka kuelekea magharibi. Baba mdogo aliweka kikombe chini. Yaani mtoto aanze safari kwa kulifuata jua linapokwenda kufa? Kaka akasema ndiyo, dunia ni duara. Baba mdogo akasema dunia ikiwa duara hilo ni tatizo la dunia.

Kaka alikuwa na ya kwake, ya kupita juu kabisa, kwenye barafu ya kaskazini. Alikuwa anaipenda tangu zamani hiyo barafu, na wanafunzi wake wote wa Dutwa waliichora. Nilimwambia hakuna ndege inayouza tiketi ya huko kutoka kisiwani kuja Mwanza. Akanijibu kwamba hilo ni suala la biashara, yeye anazungumzia sayansi. Baba mdogo alipinga kwa sababu zake mwenyewe: kaskazini ndiko ng'ombe wake walikoswagwa walipoibwa, na kitu chema hakijawahi kumjia kutoka huko.

Kikao kikaahirishwa. Kikaendelea. Kikaahirishwa tena ili baba mdogo akaangalie mifugo, kikaendelea aliporudi. Siti za njia moja zikajaa, tukahamia kujadili nyingine. Kila mara tulimpigia mdogo wetu, tukaweka simu mezani kwa sauti kubwa, na yeye kule akaitikia ndiyo baba, sawa kaka, nasubiri. Nilianza kuona kwamba anasubiri kwa utulivu mno. Miaka mingi mtu akiwa mbali, ruhusa ikichelewa huwa ni mapumziko pia.

Asubuhi moja, jogoo wakiwa hawajanyamaza, tulikuwa tumempigia tena. Mama akaniita kutoka chumbani. Mlango ulikuwa wazi siku zote hizo.

"Huyo anayeongea si mwanangu?"

Nikamwambia ndiye.

"Mbona mnampa kila mtu isipokuwa mimi?"

Niliichukua simu pale mezani kaka akiwa katikati ya sentensi, nikamwekea mama sikioni. Mdogo wetu akamsalimia kwa salamu ya jioni, "Mwadila, mayu," kwa kuwa kwao jua lilikuwa linashuka. Mama akacheka, akamwambia huku ndiyo kwanza kumekucha, aseme mwangaluka. Kisha akamwuliza kama anakuja. Akajibu kwamba wazee hawajapitisha njia.

"Ng'wanone, mwanangu," mama akasema, "mgonjwa ni mimi. Njoo."

Upande wa pili nikamsikia mwanamume mzima akilia kama mtoto aliyeitwa ndani baada ya kusahauliwa nje. Alikata tiketi siku ileile, kwa njia ambayo hakumwambia mtu. Baba mdogo alichukia kwa kutoshirikishwa.

Mama alifariki mtoto akiwa uwanja mmoja wa huko duniani, akingoja ndege ya pili. Niliomba tumngoje, mwili ukae mochwari mpaka afike. Baba mdogo, aliyekuwa na subira yote ile juu ya jua na barafu, alisema maiti haingoji. Kaka alikubaliana naye. Ndilo jambo pekee waliloafikiana tangu kikao kianze, na walilimaliza kabla chai haijapoa. Nilikasirika, na sijaacha kukasirika.

Mdogo wetu alifika kesho yake baada ya mazishi, vumbi la barabara ya kutoka Mwanza likiwa limemjaa mpaka kwenye kope. Baba mdogo alimpokea uani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kabla ya pole akamwuliza, "Umepita wapi?"

"Kaburi liko wapi?" akasema mdogo wangu.

Kaka akamwelekeza apitie zizini, ni karibu. Baba mdogo akasema hapana, mfiwa hapitishwi zizini, arudi barabarani aingilie kwa mbele. Kaka akasema huko ni kuzunguka. Kaburi lilikuwa linaonekana kutoka pale tuliposimama, udongo wake bado mbichi. Nikamshika mdogo wangu mkono, tukakatiza juu ya matuta ya viazi, na nyuma yetu walikuwa bado hawajakubaliana.