Leo Mama Kengele Amekaa Nje ya Maabara

Saa moja asubuhi, kabla mwanafunzi hata mmoja hajaonekana kwenye korido, mama mmoja mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likalainika anafungua madirisha ya maabara ya anatomia ili kutoa harufu ya dawa iliyolala humo usiku kucha. Kisha anasimama katikati ya meza zilizofunikwa shuka na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamooni." Hakuna anayeitikia, naye hasubiri. Anaanza kufagia.

"Hawa ndio wenye nyumba," anaeleza, akionyesha meza kwa mpini wa ufagio. "Mimi, wewe, maprofesa, wote wageni. Mgeni akiingia kwa watu anasalimia."

Wanafunzi wanamwita Mama Kengele. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye mtunzaji wa maabara ya chuo hiki: anaosha trei, ananoa visu, anapanga vibano, na anafunika miili ya watu ambao, wakiwa hai, waliamua kuiacha hapa ili wengine wasome. Jina lenyewe alilipata kwenye mtihani wa vitendo. Siku hiyo kila meza huwa kituo, kila kituo kina pini yenye kichwa chekundu iliyochomekwa mahali fulani, na swali huwa lile lile: hiki ni nini? Mwanafunzi ana dakika moja tu. Mama akitikisa kengele yake ya mkononi, kila mtu anahamia kituo kinachofuata, ameandika au hajaandika.

Leo kuna mtihani wa marudio. Hata hivyo, kabla ya saa mbili Mama Kengele anampa kengele mlinzi wa lango, anamfundisha mara mbili namna ya kuipiga, anavua glavu zake na kutoka nje. Mwenyewe ndiye aliyeomba asiwemo. Miongoni mwa watakaoingia ni binti yake wa mwisho, na binti huyo akianguka tena leo, atarudia mwaka mzima.

Anakwenda kuketi uani nyuma ya maabara, mahali yanapoanikwa makoti ya wanafunzi, juu ya ndoo aliyoipindua. Ukutani kuna dirisha dogo la juu. Haoni kitu, lakini anasikia.

Ili kuelewa kwa nini mama huyu leo amekalia ndoo, ni lazima kwanza uzijue sheria zake. Anasema "sheria zangu," ingawa ni za chuo, na siku ya kwanza ya masomo mkuu wa maabara humwachia yeye azisome. Hasomi popote, zimo kichwani. Simu inabaki kwenye kikapu mlangoni. Koti lifungwe vifungo vyote. Mlango ukishafungwa umefungwa, hata kama babu yako ndiye aliyejenga chuo. Mwili haupewi jina la utani, wala hauchekwi.

Halafu zinakuja alama, na hapo hata wale wanaopenda kusinzia huamka. Alama za maabara hazichanganywi na za darasani. Anayejibu nadharia yote na kuanguka maabara, ameanguka. Jina lisilosomeka halina alama. Anayeandika mkono wa kulia wakati ni wa kushoto hapati hata nusu. "Nawauliza," anasema Mama Kengele, "daktari akikukata mguu usiougua, utampa nusu kwa sababu alikaribia?"

Ya mwisho ndiyo kali kuliko zote: pini haiguswi. Ukiona imelegea, nyosha mkono, mwalimu atakuja. Ukiigusa, unapoteza alama zote za kituo hicho, nia yako iwe nzuri au mbaya.

Binti yake alipopata nafasi ya kusomea uuguzi chuoni hapa, Mama Kengele alikwenda kwa mkuu wa maabara kabla ya mtu kumwita. Mkuu huyo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, anakumbuka kwamba mama alisimama mlangoni akakataa kiti. Walikubaliana asipange pini, asione maswali, asikaribie karatasi za majibu. Akabakiwa na kengele tu.

"Nilidhani kengele haina madhara," anasema mkuu wa maabara.

Mkasa wenyewe ulitokea mwisho wa muhula uliopita. Binti alifika kwenye kituo cha mkono. Karibu na kifundo, mshipa wa damu na mshipa wa fahamu hulala bega kwa bega, na pini ilikuwa kwenye ule wa damu. Huenda mkono wa koti la mwanafunzi aliyetangulia uliigonga, maana ilikuwa imeinama, karibu kuanguka. Binti aliitazama kidogo, kisha akainyoosha kwa kidole na kuikandamiza ikasimama vizuri.

Anayeifahamu nyumba yao hashangai. Kwa Mama Kengele hakuna kandambili inayolala upande, pazia lililopinda wala kijiko kilichogeuka. Watoto wake wote wamelelewa hivyo. Wakiona kitu kimekaa vibaya, mkono unatangulia, akili inafuata baadaye. Binti hakutaka kuiba chochote. Aliitengeneza ile pini kama anavyotengeneza kitambaa cha meza sebuleni kwao.

Tatizo ni kwamba pini ilizama kwa jirani. Ilipofika chini haikuwa tena kwenye mshipa wa damu. Ilikuwa kwenye mshipa wa fahamu. Kila ambaye angekuja nyuma yake angeandika alichokiona, na angepewa kosa.

Wasimamizi walikuwa upande wa pili. Hakuna aliyeona isipokuwa mama mwenye kengele.

"Kengele ilikuwa mkononi, tayari kupigwa," anasimulia, akikunja koti ambalo halijakauka. "Nilijiambia, labda sikuona vizuri. Lakini mimi macho yangu nayajua. Nikajiambia, labda haikusogea. Nayo nikaijua kuwa ni uongo. Nikaangalia foleni nyuma yake, watoto wa watu. Nikasema sasa hapa nikinyamaza, kesho nitaingiaje humu niwasalimie wenye nyumba?"

Hakupiga kengele. Alisimama, akasema kwa sauti ambayo wanafunzi waliokuwepo wanasema hawajawahi kuisikia kwake: "Mwanafunzi uliye kwenye kituo cha mkono, weka kalamu chini, sogea pembeni. Umegusa pini."

Mkuu wa maabara alikuja, akaichunguza pini, akairudisha ilipokuwa, akafuta alama za kituo hicho kwenye karatasi ya binti. Mtihani ukaendelea. Majibu yalipotoka, binti alikuwa amepungukiwa alama moja kufikia hamsini za kufaulu. Kituo cha mkono kilikuwa na alama mbili.

Maneno hayakukosekana. Wapo wafanyakazi wenzake waliomwona ana roho ngumu, wapo waliosema anajipendekeza kwa wakubwa. Dada yake mkubwa alifunga safari kuja kumsema, akakaa sebuleni na mkoba mapajani kama mtu asiyetaka hata chai. Alimwuliza ni mama gani anayemchoma mwanawe mbele za watu kwa ajili ya pini.

"Nilimwambia, dada, waliokuwa nyuma yake nao wana mama zao," anasema Mama Kengele. "Akaniambia mama zao hawakuwa mle ndani, wewe ulikuwemo. Akainuka akaenda zake."

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa ndani ya nyumba. Binti hakugomba, wala hakununa. Alikuwa na adabu. Aliamka akaamkia, akaosha vyombo bila kuombwa, akajibu "ndiyo mama" na "sawa mama" kama mpangaji mpya. Yule msichana aliyezoea kuegemea mlango wa jikoni na kumwiga kila mhadhiri mpaka mama yake ashike mbavu, alikuwa anakula, anashukuru, anakwenda chumbani. Asubuhi alitoka mapema ili wasiandamane njiani. Mama anakiri kwamba alitamani kutukanwa, walau angejua pa kuanzia.

Kumsaidia kusoma hakuweza. Kumfungulia maabara nje ya saa zake ni mwiko, na hakuna aliyemwomba. Alichoweza ni kupunguza sauti ya redio na kupika mapema.

Halafu jioni moja, wiki mbili kabla ya marudio, alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga huku maharage yakichemka motoni. Binti akaja na kitabu chake. Alivuta kigoda, akauchukua mkono wa kushoto wa mama yake, akaugeuza kiganja juu, na kuanza kupapasa kifundo kwa vidole viwili, akitaja majina kwa sauti ya chini. Msuli huu. Mshipa huu. Huu wa damu, huu wa fahamu. Akikosea, anafungua kitabu, anarudi tena.

"Alinishika kama kifaa," anasema Mama Kengele, na hapo anacheka peke yake. "Nikasema potelea mbali, bora kifaa kuliko mpangaji. Maharage yakaanza kunukia kuungua. Sikuthubutu kuinuka. Yaliungua mpaka sufuria ikawa ya kutupa, na mimi nimetulia pale kama nimepigwa picha."

Tangu siku hiyo binti alikuja kila jioni kuukopa mkono. Mazungumzo bado yalikuwa ya majina ya mishipa tu. Lakini mama alianza kunawa mapema na kukunja mkono wa blauzi kabla hajaitwa.

Kengele inalia ndani. Mama anashtuka juu ya ndoo.

"Umesikia?" anauliza, amekunja uso. "Anapiga kama nyumba inaungua. Watoto watasahau hata majina yao."

Inalia tena, na tena. Kila ikilia anatulia kidogo, midomo inacheza, kana kwamba naye anahama meza. Anaanika koti ambalo tayari lilikuwa limeanikwa. Anasema kazi hii ameipenda tangu siku ya kwanza, mshahara wake umesomesha watoto watatu, na hajawahi kuiogopa maabara mpaka muhula huu. Kisha kengele inalia mfululizo, viti vinasogezwa, na kunakuwa kimya. Mtihani umekwisha.

Marudio yana wanafunzi wachache, kwa hiyo mkuu wa maabara husahihisha siku hiyo hiyo. Mama Kengele hakwenda kusimama na wengine mbele ya ubao wa matangazo. Alibaki uani, akayaanua makoti, akayakunja, akayakunjua. Saa nane mchana mlango wa uani ulifunguliwa na binti yake akatokea, koti mkononi, macho mekundu.

Alisema neno moja, "Nimepita," kisha akakaa chini kwenye sakafu ya saruji karibu na ile ndoo na kulia kwa kwikwi. Mama yake alimwekea mkono kichwani.

Aliyezungumza ni binti. Alisema hajawahi kumlaumu mama yake kwa kusema ukweli. Aligusa pini, sheria anaijua, angekuwa mtu mwingine naye angetaka asemwe.

"Ila uliniita mwanafunzi," alisema. "Mwanafunzi uliye kwenye kituo cha mkono. Kama hunijui, mama. Nilikuwa naona aibu kwa watu wote mle ndani, nikakutazama wewe, na wewe ukaniita mwanafunzi."

Mama Kengele alijifuta uso kwa koti la mtu mwingine.

"Jina lako lilikuwa hapa," akasema, akijigusa kooni. "Lile la nyumbani. Ningelitoa, ningelia mbele ya darasa zima, na mtihani ungevunjika. Nilichukua neno la karibu ambalo halilizi."

Jina hilo la nyumbani ni Tonge. Alilipata akiwa mchanga, kwa mashavu aliyozaliwa nayo, na kwa miaka yote ya chuo amelificha wenzake wasilijue. Ameruhusu liandikwe hapa kwa sharti moja, kwamba lile la kwenye vyeti lisitajwe.

Kabla hatujaagana, Mama Kengele alikuwa amesharudi ndani kuwafunika wenye nyumba, Tonge akimshikia ncha ya pili ya kila shuka. Aliulizwa anatarajia nini sasa. Alisema mipango mikubwa hana. Anataka kufika siku ya mahafali akiwa na afya njema. Anajua utaratibu: wahitimu huitwa kwa majina kamili, wazazi huombwa wakae kimya mpaka wote waishe, na anayevunja sheria hutolewa nje ya ukumbi.

"Nitasimama," alisema, akinyoosha shuka la mwisho. "Wakimwita kwa hilo jina lao, mimi nitaita Tonge, kwa sauti yangu yote. Halafu waje wanitoe."