Estrojeni ya Chupa

Nakiri: dawa ya shangazi ilikaa wiki nzima kwenye chupa ya plastiki, dirishani juani, kabla sijaipeleka maabara. Nilipoulizwa, niliapa ilikaa kwenye chupa ya kioo na kwamba niliihamishia kwenye plastiki siku ileile ya kuipeleka. Chupa ya kioo waliyonipa maabara nilikuwa nimeitilia achari.

Shangazi Mwanahawa huchemsha mizizi kule Matombo na kuwauzia wanawake wanaoumwa na hedhi. Maabara hukuza seli za saratani ya matiti. Zikikutana na kitu kinachojifanya homoni ya estrojeni, huongezeka. Kwa dawa yake ziliongezeka kama kumbikumbi. Nikaenda gulioni Mkuyuni, nikawahutubia wateja wake, kwa majivuno yote ya shahada yangu, kwamba dawa hiyo inalisha saratani. Wakatawanyika.

Juzi shangazi alikuja kwangu Kihonda kunisuta. Simu ya maabara ikaita. Nikaweka spika, sayansi inisaidie.

"Shikamoo, mama," alisema binti wa maabara. "Tumepima mizizi upya, kwenye kioo, seli zimetulia. Tukapima maji matupu yaliyolala kwenye ile chupa yako ya plastiki. Zimeongezeka."

Shangazi akaisogelea simu. "Asante, mwanangu. Sasa mwambie msomi wenu avae viatu. Gulio ni leo."